Sehemu ya 6: Gari la wagonjwa la umeme, zamani na sasa

Mama zangu, mmeniuliza sana: hizi gari za umeme zingefaa kubeba mjamzito huku vijijini kwetu? Turudi nyuma kwanza.

Mnadhani ni jambo la juzi? Mwaka 1899 Hospitali ya Michael Reese ya Chicago ilipata gari la wagonjwa la betri, mwendo wake kama kilomita 25 kwa saa. Mwaka 1901 Rais McKinley wa Marekani alipopigwa risasi Buffalo, alibebwa na gari la umeme. Halina moshi, halitetemeki kwa injini.

Ila lilikuwa gari la mjini. Nje ya mji umeme wa kuchaji haukuwepo, wakati petroli unaibeba kwenye dumu. Mwaka 1912 Cadillac wakaleta starta ya umeme, kazi ya kuwasha injini kwa kuzungusha chuma ikaisha, na betri zikasahaulika. Ferdinand Porsche alikuwa ameshajaribu kuchanganya mwaka 1900: injini inazalisha umeme, umeme unazungusha magurudumu. Ndiyo haibridi hiyo, nzito na ghali.

Mwaka 1971 gari la umeme likapita pasipo barabara kabisa, mwezini! Mota 4, moja kila gurudumu. Betri hazikuwa za kuchaji, wakaliacha hukohuko. (Sisi mama hatumwachi njiani.)

Hapa jirani, Opibus ya Nairobi, sasa Roam, ilianza 2017 kwa kutoa injini kwenye gari za safari na kuweka mota na betri. Kwa watalii inafaa: gari linarudi kambini jioni, linachajiwa.

Lakini ambulensi haina ratiba. Usiku mmoja wa masika nilisindikiza mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Tulikwama matopeni karibu saa nzima, mkono wangu tumboni kwake nasugua, huku dereva anakata majani ya kuweka chini ya tairi. Tulifika, Mungu alisaidia. Mota ya umeme hutoa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, pale ingetusaidia. Ila gari likirudi saa nane usiku betri imeisha, umeme umekatika, na simu ya pili inaita? Dizeli unajaza dakika chache tu.

Kwa zahanati iliyo karibu na hospitali, yenye sola ya uhakika, nasema ndiyo. Kwa mbali, ningechukua haibridi.

Wewe uliye na mimba kubwa, kliniki ijayo muulize nesi: gari linatoka wapi, na linachukua muda gani kunifikia?