Malaika: Wimbo Uliotutangulia Ughaibuni

Mwaka jana, katika sherehe yetu ya Jamhuri, sahani za pilau na nyama choma zilipokwisha kuzunguka, mama mmoja alitoa santuri kuukuu kutoka kwenye mfuko wake. Alikuwa ameinunua kwa dola moja kwa jirani Mmarekani aliyekuwa akiuza vyombo vya zamani mbele ya nyumba. Jalada lilikuwa na picha ya Harry Belafonte na Miriam Makeba. Ilipopigwa "Malaika", wazee waliinuka vitini bila kualikwa.

Kijana mmoja wa miaka kumi na mitano akauliza, "Huyu Belafonte alitoa wapi wimbo wetu?" Mwenzake akamjibu kwamba si wetu, ni wa Wamarekani, na jina lililo kwenye jalada ndilo ushahidi. Tulicheka sote. Lakini tulipokuwa tukikunja meza usiku ule tuligundua kwamba hata sisi watu wazima hatukuwa na jibu moja. Mmoja alisema ni wimbo wa Makeba, mwingine akasema ni wa kale usio na mwenyewe, wa tatu akamtaja Fadhili William. Ndipo tukaona tuandike tunayoyajua, ili watoto wetu wayakute kwenye jarida hili.

Gitaa kabla ya Uhuru

Gitaa halikuanza kwetu na redio za kisasa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wetu wa KAR walirudi na mapenzi mapya ya vyombo vya muziki. Fundi Konde wa Pwani alikuwa miongoni mwa waliowatumbuiza askari hao vitani, mpaka Burma, na baadaye akawa mmoja wa magwiji wa kwanza wa gitaa nchini Kenya.

Kutoka upande wa Kongo, Katanga, alikuja Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili huku vidole vyake vikipiga nyuzi kana kwamba ni watu wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi wimbo "Masanga", na mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, ambako vijana wengi walijifunza kwa kumtazama na kumsikiliza redioni. Mwaka 1969 alialikwa kupiga katika tamasha la Newport, hapa hapa Marekani, lile la Bob Dylan na Joan Baez. Kwa hiyo mtoto akikuambia kwamba muziki wa gitaa la kienyeji ni mambo ya Wazungu, mwambie habari za Mwenda.

Katika mazingira hayo ndipo kijana wa Taita, Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938, aliporekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maudhui yake ni mepesi kuelewa na magumu kuishi: kijana anampenda binti kwa dhati, lakini hana uwezo wa kutoa mahari. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanasema hapakuwa na haja ya kueleza. Kila mtu alimjua kijana wa aina hiyo, na wengi walikuwa ndio hao.

Ndege na santuri

Sasa tuje kwa Belafonte, maana watoto wetu wana haki ya kujua kwamba hakuwa mgeni kwetu. Alizaliwa New York katika familia yenye asili ya Jamaika, na santuri yake ya mwaka 1956, "Calypso", ilimpa jina duniani kote. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Vyuo vilikubali kutoa nafasi, lakini nauli ya ndege haikuwepo. Belafonte, pamoja na mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson wa besiboli, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikafika na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, katika safari hizo hizo, alikuja msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma Kansas. Huyo ndiye Wangari Maathai.

Ukoo wetu wa ughaibuni katika nchi hii una mizizi katika ndege zile. Wapo kati yetu ambao baba zao, wajomba zao au walimu wao walisoma kwa safari hizo. Kwa hiyo sauti iliyo kwenye santuri ya yule mama ni ya mtu aliyetuombea nauli kabla nchi yetu haijapata bendera.

Makeba naye alikuwa mhamiaji kama sisi, ila kwake yeye mlango wa kurudi ulifungwa. Alifika Marekani mwaka 1959, na Belafonte akamshika mkono. Mwaka 1960 alipotaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, aliambiwa pasipoti yake imefutwa. Hakukanyaga tena nyumbani mpaka mwaka 1990. Kila anayeishi humu na amewahi kuzika mzazi kwa simu anajua uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1965 wawili hao walitoa santuri ya pamoja, yenye nyimbo za Afrika, na "Malaika" ikiwemo. Kiswahili hakikuwa lugha ya kuzaliwa ya yeyote kati yao, na sikio la mtu wa Pwani halikosi kulisikia hilo. Hata hivyo mwaka 1966 santuri hiyo ilishinda tuzo ya Grammy katika muziki wa kiasili. Mwaka 1967 bendi ya roki ya Sweden, Hep Stars, ikarekodi "Malaika" nayo ikapendwa sana huko. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa ABBA. Boney M waliuimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya mwaka 1991. Wimbo ulikuwa umekwisha kuzunguka ughaibuni kabla wengi wetu hatujapata viza.

Wimbo wa nani?

Hapa inabidi tuseme kweli hata kama haitamridhisha kila mtu. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kuutangaza, na maisha yake yote alisema ni wake. Lakini Adam Salim, mwanamuziki mzaliwa wa Tanganyika, alisema aliutunga yeye katika miaka ya 1940. Pia wametajwa Grant Charo na Lucas Tututu. Katika chama chetu tunao Wakenya na Watanzania, na mjadala huu umewahi kuchelewesha chakula. Hatutaumaliza kwenye ukurasa huu.

Jambo tunaloweza kusema ni hili. Majina yote hayo ni ya watu wa Afrika Mashariki, na hakuna hata moja lililokuwa kinywani mwa vijana wetu usiku ule. Wanamuziki wengi wa zama zile walilipwa ujira wa siku ya kurekodi tu, wakaenda zao, na wimbo ukabaki kwenye makabati ya wengine. Fadhili William mwenyewe aliishi miaka mingi hapa Marekani kabla ya kurudi Kenya, ambako alifariki mwaka 2001. Fikirini: mtu aliyeutangaza wimbo huu alikuwa mhamiaji mwenzetu. Huenda alipita kwenye maduka ambako sauti za wengine zilikuwa zikiuimba, na waliomuuzia mkate hawakumjua.

Makeba alifariki mwaka 2008 nchini Italia, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, na Belafonte akafuata mwaka 2023, akiwa na miaka 96. Hatuwaonei wivu kwa sifa walizopata. Walitupenda, nao waliimba lugha yetu wakati wachache huku waliijua. Kosa la kusahau majina mengine si lao, ni letu sisi tuliokuwa na habari tukakaa kimya.

Tarehe 12 Disemba mwaka huu

Kwa hiyo, pamoja na bendera na hotuba, mwaka huu tumetenga saa moja ya nyimbo. Kila familia ije na wimbo mmoja inaoupenda, uwe wa Fundi Konde, wa Daudi Kabaka, wa Mbaraka Mwinshehe, au wa Belafonte na Dylan ukitaka. Sharti ni moja: mtoto ndiye atakayesimama kutueleza nani aliuimba, alitoka wapi, na nani nyumbani kwao aliupenda. Asiyejua ampigie simu nyanya au babu kabla ya siku hiyo, wakati bado yupo wa kupokea.

Mama mwenye santuri ameahidi kuja nayo tena. Kijana wetu, ambaye sasa ametimiza miaka kumi na sita, ndiye atakayeifungulia. Heri ya Sikukuu ya Jamhuri kwenu nyote.