Kutoka Ruhusa hadi Haki: Historia Fupi ya Likizo ya Mtafiti wa Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Msomaji wa jarida hili amezoea kukuta humu makala juu ya ngeli, juu ya ushairi, au juu ya maenezi ya Kiswahili katika nchi yetu. Leo tunamwomba atuvumilie tukizungumza juu ya jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, ni la ofisi ya wafanyakazi kuliko la idara ya lugha: likizo ya mtafiti ambaye amekwisha kupata udaktari, ameajiriwa na chuo kikuu kwa mkataba wa muda, wala hajawa profesa.

Tunalileta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa wenzetu wanaomaliza udaktari hutafuta nafasi za namna hiyo ng'ambo, na mara nyingine hutia sahihi karatasi wasiyoisoma mpaka mwisho. Pili, anayefuatilia historia ya likizo hiyo ataona kwamba ni suala la lugha vilevile. Mtu alipewa mapumziko, au alinyimwa, kufuatana na jina aliloitwa. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jinsi likizo ilivyoanza kama ruhusa, ikageuka kuwa haki, na kwa nini mtafiti wa baada ya udaktari alichelewa kuifikia haki hiyo.

2. Ushuhuda wa maneno

Tuanze na maneno yenyewe. Katika miji yetu watu husema «konje», neno tulilolipokea kutoka Kifaransa. Na kwa wanafunzi twasikia zaidi «vakansi». Wenzetu wa Afrika ya Mashariki husema «likizo», na katika mazungumzo «livu», kutoka Kiingereza. Wote kwa pamoja tunalo neno «ruhusa», lenye asili ya Kiarabu.

Tukiyachimbua maneno hayo, tunakuta karibu yote yana mzizi mmoja wa maana. Neno la Kifaransa lilitokana na la Kilatini lililotaja idhini ya kwenda zako, hasa ile aliyopewa askari na mkuu wake. Neno la Kiingereza nalo maana yake ya kale ni idhini. Likizo yetu imetoka katika kitenzi likiza, yaani kumfungua au kumwachilia mtu kazini. Hivyo, katika lugha zote hizo, anayepumzika ni mtu aliyeachiliwa na mwingine. Yuko bwana anayefungua na yuko mtumishi anayefunguliwa. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalotaja haki.

Neno «pumzika» peke yake ndilo linalotoka upande mwingine. Limefungamana na pumzi. Anayepumzika hapewi kitu na mtu. Anavuta hewa tu, kama kila kiumbe hai. Tutalirudia neno hili mwishoni.

3. Mwaka wa saba wa profesa

Likizo ya kwanza mashuhuri katika vyuo vikuu vya siku hizi ilikuwa ya maprofesa. Mwaka 1880, Charles W. Eliot, mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alitaka kumvuta Charles Rockwell Lanman, mtaalamu wa Kisanskriti, kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Miongoni mwa mambo aliyomwahidi ni mwaka mmoja wa mapumziko katika kila miaka saba, kwa nusu ya mshahara. Wanaisimu wakumbuke basi kwamba desturi hiyo ilianza kwa ajili ya mwenzao.

Desturi hiyo ilipewa jina la Sabato, kwa kukumbuka sheria ya kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, inayoagiza shamba liachwe bila kulimwa katika mwaka wa saba. Mfano huo ulifaa: ardhi isiyopumzishwa huchoka, na akili nayo vivyo hivyo. Hata hivyo tuangalie vizuri nani aliyenufaika. Ili mtu aufikie mwaka wa saba, sharti awe amekaa sita. Likizo ya Sabato ilikuwa ya mtu mwenye kiti cha kudumu. Haikumhusu yule anayehama kila baada ya miaka miwili au mitatu.

4. Siku sita za mfanyakazi

Njia ya pili ya likizo haikupita vyuoni. Ilipita viwandani. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya ulinzi wa wazazi wa kike, uliotaja wiki 12 za kukaa nje ya kazi. Mwaka 1936 ukaja mkataba mwingine, Na. 52, uliotaka kila mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja wa kazi isiyokatika apate walau siku sita za likizo yenye malipo. Mwaka huohuo, baada ya migomo mikubwa, Ufaransa ilitunga sheria ya likizo ya wiki mbili, na Ubelgiji sheria ya siku sita. Mwaka 1948 Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika ibara ya 24, liliitaja likizo yenye malipo kuwa haki ya kila mtu. Mwaka 1970 mkataba mpya, Na. 132, ulizipandisha siku zile zikafika wiki tatu.

Hapa ndipo maana ilipobadilika. Neno lilibaki lilelile, bali sasa bwana hafungui kwa hisani. Anafungua kwa kuwa sheria imemlazimisha. Lakini haki hiyo ilikuwa na mlango wenye funguo mbili: kuitwa mfanyakazi, na kutimiza kipindi fulani cha kazi isiyokatika. Asiye na funguo hizo alibaki nje.

5. Mgeni aliyepewa jembe

Mtafiti wa baada ya udaktari alikuwa mmoja wa waliobaki nje. Asili yake ni bursa. Johns Hopkins, kilipofunguliwa mwaka 1876, kiliwapokea wafadhiliwa ambao baadhi yao walikuwa tayari na udaktari. Mwaka 1919 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, lilianza kuwafadhili madaktari vijana wa fizikia na kemia ili waendelee kujifunza kabla ya kufundisha. Kusudi lilikuwa jema: mtu apewe miaka michache ya kutafiti bila mzigo mwingine. Ila kwa hesabu za chuo, mfadhiliwa hakuwa mwanafunzi, kwa maana alikwisha maliza; hakuwa mwalimu, kwa maana hafundishi; wala hakuwa mfanyakazi, kwa maana alichopokea hakikuitwa mshahara.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia fedha za serikali ziliongezeka katika maabara, na watafiti hao wakaongezeka pamoja nazo. Mwaka 1969 Baraza lilelile lilitoa taarifa juu yao na kuipa jina «Chuo Kikuu Kisichoonekana». Jina hilo lilisema kweli. Watu walikuwapo, kazi zao zilichapishwa, lakini katika madaftari ya wafanyakazi hawakuonekana.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtafiti huyu alipewa jembe siku ya kwanza, ila aliendelea kuitwa mgeni. Alilima kama wenyeji. Siku za kupumzika zikabaki juu ya hiari ya profesa mwenye maabara. Kama profesa ni mtu mwema, alipumzika. Kama sivyo, alikaa kimya, kwa kuwa barua ya kumpendekeza kwa nafasi ya baadaye itaandikwa na profesa huyohuyo.

Hata sheria zilizotungwa baadaye hazikumfikia kwa urahisi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 juu ya likizo ya familia na ugonjwa iliweka wiki 12, tena bila malipo, kwa mwajiriwa aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri wake. Mtafiti anayehamia chuo kingine huanza hesabu upya, na mfadhiliwa asiyehesabiwa kuwa mwajiriwa hana hesabu ya kuanza.

6. Mfano wa California

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kumi. Kanuni zake ziliwagawa watafiti wa baada ya udaktari katika mafungu matatu: mwajiriwa, mfadhiliwa ambaye fedha zake hupitia chuoni, na yule anayelipwa moja kwa moja na mfadhili wake. Watu watatu waliweza kufanya kazi kwenye meza moja, chini ya profesa mmoja, kila mmoja na jina lake.

Mwaka 2008 chama chao kilitambuliwa, na mwaka 2010 wakatia sahihi mkataba wao wa kwanza na chuo, uliowahusu watu wa mafungu yote matatu. Mkataba huo ulitaja siku 24 za mapumziko kwa mwaka na siku 12 za ugonjwa. Mtu wa nje ataona hizo ni tarakimu tu. Lakini kwa mara ya kwanza tarakimu hizo hazikutegemea moyo wa profesa. Tarehe 14 Novemba 2022 watafiti hao waligoma pamoja na wafanyakazi wengine wa kitaaluma wa chuo hicho, jumla yao wapatao 48,000, na katika makubaliano yaliyofuata walipata wiki nane za likizo ya uzazi na ya familia kwa mshahara kamili.

7. Likizo na muda wa mkataba

Tusidhani kwamba kuitwa mfanyakazi kunamaliza mambo yote. Mtafiti ana adui mwingine, naye ni muda. Mkataba wake una mwisho. Mwanamke aliyeajiriwa kwa miezi 24, akichukua miezi sita ya uzazi, amebakiwa na 18 ya kutimiza kazi ya 24. Likizo amepewa kwa mkono mmoja, ikachukuliwa kwa mkono mwingine. Kwa hiyo wengine huiacha, au hurudi maabara kabla ya wakati, na hakuna aliyewalazimisha ila kalenda.

Ujerumani ilijaribu kulitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 2007 juu ya mikataba ya muda katika sayansi. Sheria hiyo iliweka kikomo cha miaka sita kabla ya udaktari na sita baada yake, tisa kwa watu wa tiba. Lakini iliruhusu kikomo hicho kisogezwe mbele miaka miwili kwa kila mtoto anayelelewa. Aidha, kwa mikataba iliyo chini ya kikomo hicho, miezi ya uzazi na ya malezi huongezwa mwishoni mwa mkataba, mwenyewe akikubali. Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoanza mwaka huohuo, nalo lilizoea kuwaongezea akina mama miezi 18 kwa kila mtoto wakati wa kuhesabu miaka tangu udaktari. Hapo likizo imekuwa likizo kweli, maana saa ya mkataba nayo imesimama.

8. Hitimisho

Je, yote haya yanatuhusu nini sisi? Sheria yetu ya Kazi Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ilitaja wiki 14 za uzazi na siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi uliofanyiwa kazi. Watumishi wa vyuo vikuu walikuwa na kanuni yao ya pekee tangu 1981, na sheria mpya ilitungwa tarehe 29 Desemba 2018. Asistenti naye huwekwa kwa mandati yenye muda, kama mtafiti tuliyemweleza. Mwenzetu mmoja, katika chuo tusichokitaja, alirudi kutoka uzazi akadaiwa taarifa ya mandati kana kwamba miezi ile alikuwa maktabani. Hakuna aliyemkatalia likizo. Ila hakuna aliyesimamisha saa.

Basi kwa anayekaribia kutia sahihi, hapa kwetu au ng'ambo, historia hii inampa maswali matatu. Karatasi yaniitaje: mfanyakazi au mfadhiliwa? Siku zangu zimeandikwa, au zimeachwa kwa hiari ya mkubwa? Nikiondoka kwa uzazi au kwa ugonjwa, mkataba wangu unaningoja au unaendelea kuliwa?

Nasi watu wa lugha tunadaiwa kitu. «Mtafiti wa baada ya udaktari» ni maelezo, si jina. Wenzetu wa Afrika ya Mashariki huuita udaktari «uzamivu», kwa kumfikiria mpiga mbizi anayeshuka kilindini. Mfano huo ni mzuri, mradi tukumbuke kwamba mzamivu huibuka juu kuvuta pumzi, na haombi ruhusa kwa mtu.