Malaika kwenye magemu: kutoka mtetezi wetu mpaka bosi wa mwisho

Wadau, kama umewahi kukaa kwenye banda la gemu la mtaani, lazima umemwona mzazi akichungulia mlangoni na kusema haya mambo ni ya shetani. Leo twende kwenye historia kidogo, maana mwenye mabawa naye kapitia mengi humo ndani.

Tuanze 1993. Doom ilipotoka Marekani kazi ilikuwa moja tu: una bunduki, mbele yako mapepo, malizana nayo. Mwishoni mwa 1996 ikaja Diablo, safari hii kwa upanga na uchawi, mhusika wako akizidi kupata nguvu kadiri anavyoua. Adui yule yule. Kwenye Diablo II, mwaka 2000, tukamwona malaika mkuu Tyrael akiwa upande wa binadamu. Hapo mambo yalikuwa mepesi: mabawa mema, pembe mbaya.

Halafu upepo ukageuka. 2009 Wajapani wakatoa Bayonetta, mchawi wa kike mwenye bastola mikononi na kwenye visigino, na anaowapiga ni malaika. 2014 nyongeza ya Diablo III ikamleta Malthael, aliyekuwa malaika wa Hekima, sasa anataka kuwafuta binadamu kwa sababu wana damu ya mapepo. 2020, kwenye Doom Eternal, unamfyatulia risasi Khan Maykr, mtawala wa viumbe wenye sura ya kimalaika waliofanya biashara na jehanamu. Yaani miaka 27 baada ya Doom ya kwanza!

Mzazi atasema: si nilikwambia? Subiri kwanza.

2011 Wajapani walitoa El Shaddai. Humo unacheza kama Henoko, mwandishi aliyetumwa kuwakamata malaika saba walioasi, la sivyo gharika inakuja. Watu wakaona ni vituko vya Japani, hasa kwa vile Henoko kavaa jinzi. Kumbe hadithi yenyewe imetoka kwenye Kitabu cha Henoko. Na unajua kitabu hicho kilihifadhiwa kizima wapi? Ethiopia, kwa lugha ya Kige'ez. Kanisa la Orthodoksi la kule linakihesabu kuwa sehemu ya Biblia mpaka leo. Ulaya walikuwa wamekipoteza kwa karne nyingi, hadi Mskoti James Bruce alipowapelekea nakala kutoka Ethiopia mwaka 1773. Waislamu nao, wanazuoni wengi husema Henoko ndiye Nabii Idrisi.

Ndani ya kitabu hicho Walinzi wa mbinguni wanashuka, wanaoa binti za watu, na Azazeli anawafundisha binadamu kutengeneza panga, visu na ngao. Sasa niambie, hilo si gemu kabisa?

Kwa hiyo malaika anayekosea hakubuniwa na watengeneza magemu. Jirani zetu wa Ethiopia wamemsoma kanisani kabla umeme haujavumbuliwa. Simaanishi mtoto wa miaka tisa aachiwe Doom. Kule Marekani kwenyewe imewekwa daraja la miaka 17 kwenda juu, na mzazi ana haki ya kuchungulia. Ila akichungulia, asiishie mlangoni. Aingie, akae, aulize huyo mwenye mabawa ni nani. Anaweza kukuta yeye ndiye anayeijua hadithi kuliko wote humo bandani.

Wewe mdau, malaika gani alikutoa jasho?