Takrima Mbele ya Mahakama

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni TAKRIMA.

Neno hili mnalijua. Mgeni akifika kwako humpa maji, humpikia chakula. Hiyo ni takrima, na ni jambo la heshima. Lakini mgeni akija yeye na pilau na khanga, kisha akaomba kura yako, je, hiyo nayo ni takrima?

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilisema ndiyo. Lilibadili Sheria ya Uchaguzi, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu watu kwa nia njema, kama ilivyo desturi. Neno zuri likapewa kazi mbaya! Tajiri aliweza kuchinja ng'ombe. Maskini alikuwa na maneno yake tu.

Watetezi wa haki waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Mwezi wa Aprili 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, walikata shauri. Walisema mpaka kati ya takrima na rushwa hauonekani, na tena mgombea maskini hatendewi sawa na tajiri. Vifungu vile vikafutwa.

Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ilileta kikomo cha fedha za kampeni, na mgombea akatakiwa aeleze fedha zake zimetoka wapi na zimetumikaje. Kumkamata mgawaji wa usiku ni kazi ngumu zaidi, maana mpaji na mpokeaji wote huficha.

Sasa andikeni jibu la swali hili: Pilau ile, mgombea atairudishaje gharama yake?