Sera na Sikio: Fundisho la Rufiji



Wapendwa, Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, ili aende kuijenga TANU na kuzungumza na wananchi. Alitambua kwamba amri peke yake haijengi taifa.

Hata hivyo, baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji hadi vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nia ilikuwa njema. Ila mafuriko hayo hayo ndiyo yarutubishayo mpunga, nayo mashamba yalibaki bondeni. Wakulima wakaendelea kuyarudia, wakilinda mazao katika madungu.

Sisi wa Mtunda tuna fundisho hapo: kiongozi na atunge sera, lakini kabla ya kuwashawishi watu awasikilize. Tuwaombee viongozi wetu sikio hilo.