Usalama Unaoishia Kwenye Ramani: Bonde la Msimbazi na Mpango Kabambe wa Dar es Salaam

Dar es Salaam haijawahi kukosa mpango. Kulikuwa na ule wa 1949, ukafuata wa 1968, kisha wa 1979, na sasa upo unaolenga mwaka 2036. Mpango wa 1979 uliyahesabu mabonde ya mito, Msimbazi likiwemo, kuwa maeneo hatarishi yasiyofaa kujengwa. Kwa hiyo hoja inayorudiwa kila masika, kwamba watu wanakufa mabondeni kwa sababu jiji limekua bila kupangwa, haina mashiko. Hatari ilijulikana ikachorwa. Kilichokosekana ni kifungu chenye meno, na wa kwanza kubanwa nacho alipaswa kuwa Serikali yenyewe.

Jangwani, ndani ya bonde hilo la Msimbazi, panatosha kuwa ushahidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji na mbali na Kariakoo ambako wengi walikuwa wakipata riziki. Baadhi yao walirudi bondeni, na sioni cha kushangaza hapo. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa: alama za X nyekundu ukutani, kisha matingatinga. Wakati huohuo, ndani ya uwanda uleule wa mafuriko, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilikuwa imeshajengwa. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na tangu hapo mvua kubwa zimekuwa zikiijaza karakana maji na kuifunga Barabara ya Morogoro. Mkazi aliyevunjiwa kwa kuwa bonde ni hatari aeleweshwe vipi?

Mkazi huyo naye hakujenga kwa kificho. Aliuziwa kiwanja kwa hati ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wakatia saini. Baadaye akaja fundi wa umeme kumfungia mita. Kila mmoja alitimiza wajibu wa ofisi yake, na hakuna ofisi iliyolazimika kuitazama ramani ya mipango miji kabla ya kugonga mhuri au kuvuta waya.

Watetezi wa hali iliyopo hutaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayozuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni kipimo chepesi kukikumbuka, lakini Msimbazi haukifahamu. Mto huo hubeba mchanga mwingi, huhama mkondo, na Jangwani maji husambaa mbali kuliko mita hizo. Anayeitii sheria kwa futi kamba anaweza bado kuamkia majini.

Jimbo la California lilipita njia nyingine. Baada ya tetemeko la San Fernando la 1971, sheria iliilazimisha miji kuweka masuala ya usalama ndani ya mpango wake mkuu. Sisemi tuige sheria za matetemeko za watu. Ninachokitazama ni kwamba hapo usalama ni sehemu ya lazima ya mpango, wala si kiambatisho cha hiari.

Kariakoo inaonyesha kasoro ileile mbali na maji. Mitaa iliyopimwa zamani kwa ajili ya nyumba za chini sasa imebeba maghorofa, na magari ya Zimamoto hushindana njia na mikokoteni na meza za machinga. Soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa lilianguka likiwa na watu madukani, na zaidi ya 20 wakafa.

Sasa Benki ya Dunia inakopesha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na kuihamisha karakana ya Jangwani ni sehemu ya kazi hiyo. Tunalipa mara mbili kwa kupuuza onyo lililoandikwa 1979. Fedha hizo hazitazuia kosa lijalo mahali pengine jijini. Halmashauri zitunge sheria ndogo: kibali cha ujenzi, maombi ya umeme na hati ya mauziano ya mtaa viwe batili bila uthibitisho wa mpimaji kwamba kiwanja kiko nje ya eneo hatarishi, na miradi ya Serikali isipewe msamaha. Mwenyekiti wa mtaa naye apewe nakala ya ramani ya maeneo hatarishi, ibandikwe ukutani mwa ofisi ambamo viwanja huuzwa.