Kigali ililipa mapema, Nairobi ikasubiri

Busanza, wilayani Kicukiro, iko jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, na mlio wa ndege ni sehemu ya maisha ya mtaa. Shirika la ndege la taifa, RwandAir, ni mojawapo ya sababu zilizoipeleka Rwanda kwenye soko la yurobondi, yaani hati za deni zinazouzwa kimataifa, kwa mara ya kwanza, Aprili 2013.

Wakati ule hazina ilikuwa imebanwa. Mwaka mmoja nyuma wafadhili kadhaa walizuia misaada baada ya ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuituhumu Rwanda kuwasaidia waasi wa M23 wa mashariki mwa Kongo. Rwanda ikakopa dola milioni 400 kwa miaka 10, riba asilimia 6.625, zigawanywe kati ya madeni ya RwandAir, ukumbi wa Kigali Convention Centre na umeme wa maji wa Nyabarongo. Kenya ilifuata Juni 2014 kwa dola bilioni 2, kisha ikaongeza milioni 750 kabla mwaka haujaisha. Katika jumla hiyo, bilioni 2 zilipaswa kulipwa kwa mkupuo Juni 2024.

Mkopo wa aina hii mwanzoni hausumbui sana. Rwanda ilitoa riba ya dola milioni 26.5 kwa mwaka, basi. Kishindo huja mwaka wa mwisho, deni lote linapoingia kwenye hesabu ya dola zitakazotoka ndani ya miezi 12. Benki kuu hupenda kutangaza akiba yake kwa miezi ya uagizaji, yaani miezi ambayo akiba ingetosha kulipia bidhaa za nje: minne, minne na nusu. Kipimo hicho hakimwambii mtu ni dola ngapi kati ya hizo tayari zina mwenyewe. Kwa mfano, Thailand ilikuwa na zaidi ya dola bilioni 30 kwenye vitabu katikati ya 1997, ilhali sehemu kubwa ilikwisha kuahidiwa katika mikataba ya kuuza dola baadaye. Julai 2 sarafu yake, baht, ikaachiwa ianguke. Miaka miwili baadaye IMF ikaweka fomu inayotaka nchi zieleze kilichopo na pia kinachosubiri kutoka.

Kwa Rwanda tarehe nzito ilikuwa Mei 2023. Haikuingoja. Agosti 2021, fedha duniani zikiwa bado rahisi, ilikopa dola milioni 620 kwa asilimia 5.5 na kununua sehemu kubwa ya hati za zamani. Masalia yalilipwa yalipoiva. Kenya nayo ilikawia hadi riba za Marekani zikapanda na wakopeshaji wakajifungia. Novemba 2023 Rais Ruto aliliambia Bunge kwamba dola milioni 300 zingelipwa Desemba. Hazikulipwa. Januari dola ilifika takriban shilingi 160, maana waagizaji wengi walikuwa wakihodhi dola kwa hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa. Februari 2024 Nairobi ikakubali riba ya asilimia 9.75 kwa dola bilioni 1.5, ikanunua hati za takriban bilioni 1.44, na katika wiki chache shilingi ikarudi karibu na 130.

Tusiipambe Kigali kupita kiasi. Deni lake la nje kwa sehemu kubwa ni la masharti nafuu, hivyo mlima wake ulikuwa mfupi tangu mwanzo. Tena riba ilishuka, lakini bili ikapanda: asilimia 5.5 ya milioni 620 ni dola milioni 34.1 kwa mwaka. Na faranga haikupata mshtuko wa Januari kama shilingi, ila imeshuka polepole, kutoka takriban 640 kwa dola mwaka 2013 hadi zaidi ya 1,400 mwaka 2025. Anayejenga Busanza kwa vifaa vya nje anailipa tofauti hiyo dukani.

Kenya ilijifunza. Februari 2025 ilikopa tena ili kununua mapema hati za 2027. Kwa ratiba ya mikataba, mwaka 2031 Nairobi inamalizia fungu la mwisho la mkopo wa 2024, dola milioni 500, na Agosti mwaka huohuo Kigali inadaiwa zile milioni 620.